Mita Moja na Nusu

Stoo iliyo nyuma ya nyumba yangu ina kibali. Karatasi yenyewe nimeitia kwenye mfuko wa nailoni na kuipigilia kwa ndani ya mlango, na anayetaka kuisoma anaweza kuisoma: namba ya kiwanja, matumizi ya jengo, mhuri wa halmashauri, sahihi ya afisa. Chini yake nimepigilia barua ya ridhaa ya jirani, yenye alama ya dole gumba. Wino wa dole hilo umeanza kufifia. Kila nifunguapo mlango asubuhi naliona kabla sijaona kitu kingine, na ziko siku ninapoingia nikiwa nimeinamisha kichwa, kama mwanafunzi aliyechelewa anavyopita mbele ya mwalimu.

Kwa sheria sina kosa. Naandika haya kwa sababu hiyo.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulo, upande wa Ngara. Nilisoma Rulenge hadi kidato cha nne, nikaja Biharamulo nikiwa kijana kufanya kazi ya ukarani wa mizani kwenye ghala la mazao. Nikaoa, nikapata ardhi kwenye mteremko ambao ukiupanda hadi juu unaliona boma la zamani. Wakati huo huku hapakuwa mjini. Palikuwa na migomba, mihogo, na njia ya miguu ya kwenda kisimani. Jirani yangu alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na mkewe alikuwa mcheshi kwa niaba ya wote wawili. Mama huyo aliniita shemeji tangu siku ya kwanza, nami nikamwita shemeji, na hatukuwahi kuitana vinginevyo. Kati ya nyumba zetu hapakuwa na ua. Kulikuwa na ukanda mwembamba usiolimwa, na katikati yake mti mmoja wenye majani marefu kama panga, ule ambao watu wa kwetu huupanda mpakani ili mtu asije akasogeza jembe.

Niliuchukulia kuwa mti wa mpaka. Yaani, nilipenda kuuchukulia hivyo.

Mji ulipokua, wapimaji walikuja na chombo chao cha miguu mitatu, wakakata mashamba kuwa viwanja na kusimika bikoni za zege za kuonyesha mipaka. Mstari ulipopigwa, ukanda wote ukaangukia upande wangu, pamoja na mti wake. Fundi cherehani alikuwa amekwisha kufariki. Mjane wake alisimama mlangoni, mikono ameiweka ndani ya kanga, akaitazama kamba ikivutwa.

"Basi, shemeji," akasema, "umeongezewa shamba."

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini hilo nililiona miaka mingi baadaye, nilipokuwa nalikumbuka.

Nilipostaafu nilianza kununua mahindi na maharage ya wakulima na kuyahifadhi hadi msimu wa uhaba. Magunia yalijaa barazani, kisha sebuleni, kisha kwenye chumba walichokiacha watoto wetu. Panya wakazaliana. Dumuzi wakatoboa mahindi mpaka ukishika gunia unga unamwagika kama vumbi. Nikasema lazima nijenge stoo nyuma ya nyumba.

Kwenye ubao wa ofisi ya kata kulikuwa na tangazo lililopigwa chapa. Mtu asijenge jengo lolote, hata banda la kuhifadhia vitu uani, bila kibali, alete mchoro, awaone majirani anaopakana nao, na kati ya ukuta wake na mpaka aache mita moja na nusu. Nililisoma lote. Siwezi kujificha nyuma ya ujinga, maana nadhani pale mtaani nilikuwa mmoja wa wachache waliofika mstari wa mwisho.

Nilimwuliza mwenyekiti wetu wa kitongoji kama kweli stoo nayo huombewa kibali.

"Mzee," akanijibu, "tukianza na stoo tutaishia kwenye viota vya kuku. Wewe jenga. Wakija tutaongea nao."

Hilo ndilo jibu nililokuwa nimelifuata.

Mke wangu peke yake ndiye aliyenizuia. Alikuwa uani anapepeta maharage. Nilipomwonyesha kwa mguu mahali ukuta utakapopita, ungo ulitulia mikononi mwake.

"Acha nafasi kidogo pale," akasema.

"Nafasi ya nini?"

"Nafasi tu. Si umesema hata serikali inataka uache?"

"Serikali inataka mambo mengi. Pale kuna nini?"

"Pale si pazuri kujenga."

"Kwa nini?"

Akaanza tena kupepeta. "Acha tu nafasi, mzee."

Nilimwona kama mtu aliyenong'onezana na jirani ili wapate pa kuanika nguo. Nilikuwa nimezoea kupima mizigo ya watu na kuwaambia uzito wake. Neno ambalo halikuja na sababu yake nililihesabu kuwa halina uzito.

Fundi niliyemwita alikuwa mtu wa utani mwingi. Alipoona ile alama ya mita moja na nusu kwenye mchoro nilioutengeneza mwenyewe kwa rula, akakuna kichwa.

"Mzee, hii nafasi unamwachia nani? Mpangaji?"

"Nyoka," nikasema. "Ifute. Chimba pale pale mpakani."

Mti aliung'oa siku ya kwanza. Mizizi yake haikutoa ukinzani. Siku ya pili mchana, jembe lake liligonga kitu, naye akaniita. Nilipofika alikuwa amepiga goti moja.

"Njoo uone. Kuna chungu."

Kilikuwa chungu kidogo, kimefunikwa mdomo chini na kitako juu. Hakikuwa kwenye mtaro wenyewe, kilikuwa kando yake, upande wa ndani, mahali ambapo kona ya stoo ingekuwa. Hakikuwa na ufa.

"Chungu kizima hakitupwi, mzee," fundi akasema. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Hiki kimewekwa."

"Vigae vimejaa kila shamba hapa. Kifukie, umwage moramu juu."

"Nikifukie?"

"Wewe ni fundi au ni mganga?"

Akakifukia. Alitumia mikono, hakutumia koleo.

Hapa ndipo ninapotaka kusema kweli, kwa sababu nikipaficha hapa, mengine yote yatakuwa malalamiko ya mzee. Nililelewa Kasulo na bibi na mama zangu wadogo. Nilijua, kama watoto wa kiume wanavyojua, kwa kusikia nusu na kufukuzwa nusu, kwamba mtoto anayekufa kabla hajapewa jina hawekewi matanga. Wanawake humchukua nyuma ya nyumba, humlaza, humfunika kwa chungu, hupanda kitu cha kuonyesha mahali, na habari zake huishia hapo. Wanaume hawaendi. Hata baba mwenyewe haonyeshwi. Nililijua jambo hilo kama unavyojua kuwa kuna kisima mahali usipowahi kufika. Siku ile nilikiona kitako cha chungu, nikachagua kuona kigae.

Stoo ikawa nzuri. Matofali ya kuchoma, sakafu ya zege, mlango wa mbao ngumu, chaga za kuinulia magunia yasiguse chini. Kwa kuwa ukuta ulisimama mpakani kabisa, bati lilimwaga maji yake yote uani kwa mjane. Nilitegemea ugomvi. Hakuja. Alichofanya ni kuleta ndoo ya njano na kuitega chini ya mchirizi. Nikajisemea kwamba basi amepata faida, amepunguziwa safari ya kisimani.

Lakini kona moja ya stoo ililowa tangu mvua za kwanza. Magunia niliyoyapanga pale yaliota ukungu, kisha mahindi yakachipua ndani ya gunia. Niliongeza chaga. Nilipiga lipu upya, ikabanduka. Hata kiangazi, nikiingia saa sita mchana, jua linawaka nje na vumbi limetanda, stoo ilinukia udongo uliotoka kunyeshewa.

Siku moja, mvua ilipoanuka, nilipanda juu ya magunia na kuchungulia kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na bati. Nikamwona jirani yangu anatoka. Aliinua ndoo ya njano, akaileta mpaka kwenye kona, akachuchumaa. Akawa anachota kwa kikombe na kumwaga pale chini ya ukuta. Hakuyamwaga kama mtu anayetupa maji machafu. Alimwaga kidogo, akangoja yazame, akamwaga tena, hadi ndoo ikaisha. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Nilimfuata siku hiyo hiyo.

"Shemeji, unaniozeshea mahindi."

"Mimi?"

"Nimekuona. Maji yote unayamwagia ukutani kwangu."

"Maji ni ya bati lako, shemeji. Nakurudishia."

"Si uyamwagie mboga zako?"

"Mboga zinanyeshewa," akasema, akaingia ndani na kuniacha nimesimama.

Nililichukua jibu lake kuwa kejeli, na nikalibeba mpaka kwa wenzangu tunaokunywa nao kahawa karibu na soko. Nikalisimulia kwa kuliigiza: kikombe, kuchuchumaa, midomo kucheza. Mmoja akasema mjane anayenong'oneza ukuta wa mtu si wa kuchezea. Sikukanusha. Nilicheka pamoja nao. Kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake katika nchi yetu, kicheko kama kile si jambo dogo. Baada ya muda niliona kuwa watoto wa mtaani waliacha kukatisha uani kwake, na kwamba kuna akina mama waliokuwa wakipita kwake kuazima kinu ambao sasa walizungukia mbali. Kazi hiyo niliifanya mimi, kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Mambo yakaendelea hivyo kwa miaka. Kona ile nikaiacha tupu. Wabebaji walipoleta mizigo na kutaka kuanzia pale, niliwazuia. Mara moja nilijisikia nikisema, "Pale si pazuri," na yalikuwa maneno ya mke wangu, yametoka mdomoni mwangu bila kuitwa. Nikaanza kubisha hodi kabla ya kuingia. Mtu kubisha hodi kwenye stoo yake mwenyewe, yenye magunia tu! Nilijiambia ni kwa ajili ya panya. Nikiwa ndani sikupaza sauti, na nilipomaliza kuhesabu magunia sikutoka nikiwa nimeipa kona ile mgongo. Nilitoka kinyumenyume hadi mlangoni.

Mwaka jana, mwezi wa pili, halmashauri ilianza kukagua majengo yaliyojengwa bila kibali. Aliyekuja kwetu alikuwa binti mwenye viatu vya mvua na futi ya kamba, umri wa wajukuu zangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Stoo hii ina kibali?"

"Ina miaka kumi na miwili."

"Miaka si kibali, babu."

Akapima kutoka bikoni. Hakuhitaji futi, kiganja kingetosha. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda, kisha akachora alama ya X nyekundu ukutani. Akanieleza kuwa nina njia mbili. Ama nibomoe ukuta niurudishe ndani, ama niombe kurasimisha jengo kama lilivyo: jirani anayeumia atoe ridhaa ya maandishi mbele ya mwenyekiti, na mimi nifunge mfereji wa bati ili tone lolote lisiangukie kwake.

"Mita moja na nusu hiyo inawasaidia nini?" nikamwuliza, kwa ubishi tu.

"Moto usiruke. Maji yako yabaki kwako. Na mtu aweze kupita kurekebisha ukuta wake." Alikuwa anakunja futi. "Ni ardhi yako, babu, ila ni ya kutoguswa."

Aliondoka, nami nikabaki nimesimama karibu na kona, nikipima kwa hatua. Mita moja na nusu kutoka mpakani. Chungu kilikuwa ndani yake. Kama ningeitii ile karatasi ya ubaoni, bila kumuuliza mtu chochote, bila kujua lolote, ukuta ungepita mbali na mti ungebaki umesimama. Ofisi isiyojua habari za kona ile ilikuwa imempa aliyelala pale nafasi yake, na mimi niliyekiona chungu ndiye niliyeifuta.

Ilinichukua siku tisa kuvuka kwenda kwa jirani yangu. Alikuwa amezeeka, miguu imevimba, anatembea kwa fimbo.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Leo umekuja kwa mlangoni? Nimezoea kukuona juu ya magunia yako."

Kumbe aliniona siku ile. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza habari za alama nyekundu, ridhaa na mfereji. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo serikali imekutuma uje uniombe."

"Imenituma."

"Mwenyewe usingekuja?"

"Sikuja," nikasema.

"Nitaweka dole. Ila kwanza nataka niingie."

"Uingie wapi?"

"Stoo. Kila mbeba mzigo wa mji huu ameingia, mimi sijaingia."

Tulikwenda. Alipita kati ya magunia bila kuyatazama, fimbo ikigonga zege, moja kwa moja hadi kwenye kona. Akaitazama sakafu tupu.

"Hukuweka kitu."

"Palikuwa panalowa."

"Ndiyo," akasema. "Palikuwa panalowa."

Akavua kandambili. Akashuka chini polepole, nikataka kumshika mkono, akaukataa. Aliweka kiganja kwenye zege.

"Alikuwa wa kike. Alizaliwa alfajiri, jua la saa nne akaondoka. Hakufikia jina, kwa hiyo sina la kumwita. Nikimmwagia maji nasema tu, haya, wewe. Haya, wewe." Akapangusa vumbi kwenye zege. "Tangu uweke bati hajanyeshewa, shemeji. Wote waliolala chini wananyeshewa, hata asiye na mtu. Wangu nimekuwa namnywesha kwa kikombe."

Nilimwuliza anataka nifanye nini.

"Nataka mvua imnyeshee kabla sijafa. Basi. Stoo yako baki nayo."

Nikamwahidi. Nilisema mahindi yaliyomo yakishatoka nitavunja sakafu ya kona, nitoe bati mbili juu yake, nijenge kijiukuta cha kuitenga na magunia. Akauliza mahindi yatatoka lini. Nikasema hayatavuka mwezi wa tano.

"Mungu akipenda," akasema, akaninyooshea mkono nimwinue, na tulipofika kwa mwenyekiti akaweka dole bila kusomewa.

Jioni ile nilimwuliza mke wangu kama alijua.

"Nilimbeba mimi," akasema. "Mama yake hakuweza kusimama. Mimi na akina bibi wawili."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia uache nafasi."

"Hukusema kwa nini."

"Mambo yale hayasemwi kwa wanaume, na wewe unajua. Halafu mtu aliyeambiwa acha nafasi akashindwa, angeambiwa nini tena?"

Sasa nieleze kosa la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nilikuwa na uongo wa kujifunikia. La pili nilikuwa najua kila kitu.

Mfereji niliufunga ndani ya wiki moja, kwa kuwa ofisi iliutaka. Nilinunua vipande, nikamwita fundi, maji ya bati yote yakaelekezwa kwenye tangi langu. Binti wa halmashauri akaja, akapiga picha, akaridhika. Kibali kikatoka mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea. Siku niliyokipigilia mlangoni mvua kubwa ilinyesha, tangi likajaa hadi likafurika, nami nikafurahi. Mvua ilipokwisha nikapanda juu ya magunia, sijui kwa nini, nikachungulia. Ndoo ya njano ilikuwa pale pale ilipokuwa ikikaa miaka yote, na ndani yake hamkuwa na kitu cha kuzidi vidole viwili. Jirani yangu alikuwa ameketi kando yake, kikombe mapajani. Nilikuwa nimemnyang'anya hata yale maji.

Ningeweza kuvunja kona siku ile. Mahindi yalikuwa hayajatoka, lakini turubai lingetosha kuyafunika. Mwezi wa tano nikasema nisubiri kidogo. Mwezi wa sita maharage mapya yakaingia. Kwa mke wangu nilisingizia bei ya mahindi. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Watu wangeuliza kwa nini mzee anatoboa stoo iliyopata kibali juzi, na ningelazimika ama kusema uongo mwingine, ama kusema nilikuwa nimejenga juu ya nini. Hata wale wa kahawa wangejua kikombe kile kilikuwa cha nini. Nilitaka kona ifunguliwe bila mimi kuonekana nikiifungua, na njia hiyo haikuwepo.

Jirani yangu hakunikumbusha. Tulisalimiana kila asubuhi.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Nimeamka. Mahindi yako hayajambo?"

Ndivyo alivyouliza, kila siku, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa.

Alifariki mwezi wa nane, kiangazi kikali, migomba imevaa vumbi jekundu. Wiki zile za mwisho alikuwa anatoka na maji ya kisimani kwenye kopo na kuyafikisha ukutani kwa kupumzika mara tatu njiani. Mke wangu alimkuta asubuhi amelala kitandani, mkono chini ya shavu. Kwa kuwa mjini haturuhusiwi tena kuzika viwanjani, tulimpeleka makaburi ya mji. Nilitupa udongo wangu kama wengine. Watu wakanipa pole kwa kufiwa na jirani wa miaka mingi, nikazipokea.

Matanga yalipoanuliwa, mke wangu alikuja uani na yule yule fundi aliyejenga. Alikuwa amemwita mwenyewe. Nywele za fundi zilikuwa zimegeuka kijivu, na hakuwa na utani.

"Ondoa magunia," mke wangu akasema. Hakuwa ananiomba.

Tukaondoa. Fundi akashusha bati mbili, akajenga kijiukuta kinachofika kiunoni, kisha akavunja zege kwa nyundo. Ulipobaki udongo wa moramu tupu, mke wangu akatutoa nje wote wawili. Akaingia na bibi mmoja wa mtaani ambaye sikujua kama alikuwa mmoja wa wale wawili wa siku ile ya kuzika, sikuuliza. Tulikaa kando ya tangi, mimi na fundi, hatutazamani. Tulisikia mikono ikikwangua. Kisha sauti ya mke wangu ikasema neno moja:

"Kizima."

Fundi alifunika uso wake kwa kofia.

Baadaye mke wangu alipita mbele yangu akaenda nyuma ya jiko, akarudi na kichipukizi cha mti wa majani marefu kilichong'olewa na udongo wake, akaingia nacho kukipanda kwenye kona. Siku ile fundi alipoutupa mti, yeye aliokota tawi akalipanda pale, na kwa miaka yote nilikuwa nikipita karibu nalo kwenda kunawa.

Kabla mvua hazijaanza, binti wa halmashauri alipita katika ukaguzi wake. Alisimama mlangoni akatazama juu, penye anga.

"Babu, hii haimo kwenye mchoro wako."

"Haimo."

Hakunikaripia. Alinipa fomu ya mabadiliko, akaniambia nijaze nikipata muda. Inauliza sababu, nimeandika mistari mitatu na kuikata yote. Chini inataka tena ridhaa ya jirani. Nyumba ya pili imefungwa kwa kufuli, na ndoo ya njano iko uani imepinduliwa mdomo chini. Fomu ipo kwenye droo.

Mvua ya kwanza ilikuja mwezi wa tisa, saa nane mchana. Nilikuwa stoo. Anayejua mvua juu ya bati anajua kelele yake, hata ukipiga ukelele hujisikii. Nilikwenda mpaka kwenye kijiukuta. Upande wangu paa lilikuwa linanguruma. Upande wa pili mvua ilikuwa inashuka kwenye udongo bila sauti yoyote, na majani ya ule mti yalikuwa yanainama na kuinuka. Nilitafuta la kusema. Jina hakuwa nalo, na "haya, wewe" lilikuwa neno la mama yake. Mdomoni mwangu lingekuwa wizi mwingine.

Nikavua kofia nikasema, "Shikamoo."

Nilisimama pale mpaka mvua ilipoanuka.